Kitabu cha Herufi na Kitabu cha Historia

Vita vya uhuru wa Marekani vilimalizika rasmi mwaka wa 1783. Mwaka huohuo, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, mwalimu kijana wa miaka 25 hivi aitwaye Noah Webster alichapisha kitabu kidogo cha kufundishia watoto kusoma Kiingereza. Wakubwa wa taifa lile jipya walikuwa wakihangaika na mipaka, madeni ya vita na namna ya kuunda serikali. Yeye alihangaika na silabi. Kwa maoni yangu kazi yake ilidumu kuliko kazi za wengi wao, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa: mhariri aliponiomba makala ya historia pengine alitegemea niandike habari za mabweni, za timu ya mpira au za wali wa Jumapili. Hayo wapo wenzangu wanaoyajua vizuri zaidi. Mimi nimechagua rafu moja ya maktaba ya shule yetu, ile iliyo karibu na dirisha la nyuma, iliyokuwa na vitabu vya Marekani: vya sarufi ya Kiingereza, vya hadithi, na vya historia ya nchi ile. Sote tulipita pale wakati mmoja au mwingine, hasa mitihani ilipokaribia. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza vitabu vya namna ile vilianzaje, vilitungwa na nani, na kwa faida ya nani.

Mimi si mwanahistoria kwa kazi. Kazi yangu ni ya majalada ya serikali. Lakini mtu aliyeshinda na majalada kwa miaka ishirini hujifunza kwamba kila kilichomo ndani ya jalada kimewekwa na mtu, na kila kisichomo yupo aliyekiacha nje. Vitabu vya shule ni vivyo hivyo.

Kabla ya Webster, watoto wa makoloni yale walisomea zaidi vitabu viwili. Kimoja kilikuwa New England Primer, kilichoanza kuchapishwa Boston na Benjamin Harris kati ya mwaka wa 1687 na 1690. Humo herufi zilifundishwa pamoja na dini, na mtoto aliijua A sambamba na dhambi ya Adamu. Kingine kilikuwa cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichotoka London mwaka wa 1740. Webster mwenyewe alisomea kitabu hicho cha Dilworth na hakukipenda. Mtoto wa Connecticut alikaririshwa majina ya miji ya Uingereza ambayo huenda asingeiona maishani mwake, ilhali mji wake mwenyewe haukutajwa. Webster akaiondoa miji ile, akaweka ya Marekani. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini sisi ambao babu zetu walifundishwa mito ya Uingereza kabla ya Rufiji twajua kwamba si dogo.

Mtindo wake wa kufundisha hautamshangaza mtu yeyote aliyepita darasa la kwanza kwetu. Baada ya alfabeti huja safu za silabi: ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima huzisoma kwa sauti moja mpaka ziingie. Tofauti ni kwamba kwetu ukishazijua hizo umekaribia kujua kusoma, maana Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa; Kiingereza hakina huruma hiyo. Kwa hiyo Webster aliyapanga maneno kwa makundi ya sauti zinazofanana, kwanza ya silabi moja, kisha mbili, kisha tatu, mtoto akipanda kama mtu apandaye ngazi. Vijijini watu wakafanya mashindano ya jioni ya kutaja herufi za maneno, na mshindi akaheshimiwa kama bingwa wa mieleka.

Wakati ule hapakuwa na sheria ya hakimiliki ya nchi nzima. Webster alisafiri jimbo kwa jimbo kuwaomba wabunge wakilinde kitabu chake wasije wachapaji wakakiiba. Connecticut ilipitisha sheria yake mwaka wa 1783, na ile ya nchi nzima ikapatikana mwaka wa 1790. Mtumishi wa serikali aliyewahi kufuatilia jalada moja katika ofisi saba ataielewa safari ile.

Kitabu kikapata gamba la buluu, na watu wakakiita kwa gamba hilo. Nakala zake zilizouzwa katika karne moja hukadiriwa kwa makumi ya mamilioni. Mapato yake, ingawa yalikuwa kidogo kwa kila nakala, yalimsaidia mwandishi kuishi wakati akitunga kazi yake kubwa, yaani kamusi ya Kiingereza cha Marekani iliyotoka mwaka wa 1828 ikiwa na maneno 70,000, naye akiwa na umri wa miaka 70. Bei yake ilikuwa dola 20, fedha nyingi kwa siku zile, na nakala 2,500 tu zilichapishwa. Ndiye aliyechangia zaidi kuwafanya Wamarekani waandike color bila u, na center kwa er mwishoni. Si yote aliyoyataka yaliyokubaliwa: alipendekeza neno la ulimi liandikwe tung, watu wakamcheka.

Mtoto aliyekwisha kujua herufi alihitaji cha kusoma, na hapo ndipo alipoingia William Holmes McGuffey, mwalimu wa chuo huko Ohio, ambaye vitabu vyake vya kwanza vya kusomea vilichapishwa Cincinnati mwaka wa 1836. Hukadiriwa kwamba mfululizo huo uliuza nakala milioni 120. Una vipande vya Shakespeare na vya Wamarekani wenyewe, na hadithi nyingi za mafunzo ambazo ndani yake kila mtoto mvivu hupatwa na balaa kabla ukurasa haujaisha. Nimezisoma kadhaa, sitawalazimisha wengine. Lililo muhimu kwa habari yetu ni kwamba kuhusu utumwa, jambo lililokuwa likiipasua nchi ile wakati huo, vitabu hivyo vilinyamaza karibu kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Webster aliandika kitabu chake kwa ajili ya raia wa taifa jipya, na raia, kwa fikira za wakati ule, hakuwa mtumwa. Tena katika majimbo ya kusini ilikuwa hatia kumfundisha mtumwa herufi. South Carolina ilitunga sheria mwaka wa 1740, baada ya maasi ya watumwa ya Stono ya mwaka wa 1739: mtu atakayemfundisha mtumwa kuandika atozwe faini ya pauni 100. North Carolina ilifuata mwaka wa 1830, na mtumwa aliyefundisha wenzake alistahili viboko 39. Virginia na Alabama zilikaza sheria zao mwaka wa 1831 na 1832, miaka ya maasi ya Nat Turner na hofu iliyoyafuata. Sheria ile ya North Carolina iliacha nafasi moja: mtumwa aliruhusiwa kufundishwa tarakimu. Bila shaka ni kwa kuwa tarakimu zilimfaa bwana katika kuhesabu magunia. Herufi ndizo zilizoogopwa.

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland mwaka wa 1818. Jimbo hilo halikuwa na sheria ya namna hiyo, lakini mabwana walikuwa na kauli ileile. Alipokuwa na miaka minane hivi alipelekwa Baltimore katika nyumba ya Hugh Auld. Mke wa bwana, Sophia, ambaye hakuwa amewahi kumiliki mtumwa, alianza kumfundisha alfabeti kwa moyo mweupe. Mumewe alipojua akamkataza mbele ya mtoto mwenyewe, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Douglass aliandika baadaye kwamba maneno yale yalimfundisha kuliko somo lenyewe, maana yalimwonyesha mahali ulipo mlango.

Basi akaanza kujifunza kwa hila. Alitembea na kitabu cha gamba la buluu cha Webster mfukoni. Alipotumwa mjini aliondoka na mkate, akawapa watoto maskini wa kizungu wenye njaa, nao wakamlipa kwa masomo. Katika karakana ya merikebu aliona maseremala wakiandika herufi kwenye mbao kuonyesha ubao huu ni wa kushoto mbele, ule wa kulia nyuma. Akazijua herufi nne, kisha akawachokoza watoto wa mitaani kwamba anaweza kuandika kuwashinda, nao kwa kutaka kumshinda wakamwonyesha zilizobaki. Aliiga herufi za kitabu cha Webster mpaka akaweza kuziandika bila kutazama. Akiwa na miaka kumi na miwili au mitatu alinunua kwa senti 50, alizopata kwa kung'arisha viatu, kitabu kiitwacho The Columbian Orator. Mwalimu Caleb Bingham wa Boston alikuwa amekitoa mwaka wa 1797 ili watoto wa shule wajifunze kuhutubia. Ndani yake mna mazungumzo ya bwana na mtumwa wake, na mtumwa anajenga hoja zake vizuri hata bwana anamwacha huru. Yule mtoto aliyasoma tena na tena. Alitoroka tarehe 3 Septemba 1838, na mwaka wa 1845 kitabu chake cha maisha yake kikatoka, na kwa Kiingereza ambacho wapo waliokataa kuamini kuwa ni chake.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Webster hakumlenga Douglass, wala Bingham hakumlenga, wala wachapaji. Lakini kitabu cha herufi hakiwezi kumchagua msomaji. Kikifika mkononi mwako kitakupa ba, be, bi sawasawa na kilivyompa mtoto wa gavana. Ndiyo maana mabwana wale hawakuhangaika kubadili kitabu. Walihangaika kuzuia mkono usikifikie.

Walijaribu hata kukibadili. Wakati majimbo ya kusini yalipojitenga, mchungaji mmoja, Robert Fleming, alitoa huko Atlanta mwaka wa 1863 kitabu cha Webster kilichorekebishwa kwa ajili ya vijana wa kusini, akachomeka masomo ya Biblia ya kuhalalisha utumwa. Miaka miwili baadaye upande wake ukashindwa vita. Silabi zilikuwa zilezile.

Uhuru ulipokuja watu walivikimbilia vitabu kwa namna ambayo wageni waliiona kwa mshangao. Mary Peake, mwanamke mweusi huru, alikuwa tayari akifundisha chini ya mwaloni karibu na Hampton, Virginia, mwaka wa 1861, vita vikiendelea. Katika kisiwa cha St. Helena, South Carolina, shule ya Penn ilifunguliwa mwaka wa 1862, na Charlotte Forten, mwalimu mweusi kutoka Philadelphia, alifundisha huko. Watu wazima walikaa kusoma somo moja na watoto. Mwaka wa 1870, kati ya kila watu weusi 100, 80 hivi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka wa 1900 walikuwa wamebaki 44 au 45. Mimi nimeshughulika na takwimu za serikali muda wa kutosha kujua kwamba mteremko wa namna hiyo katika miaka 30, kwa watu waliokuwa wakichomewa shule, si wa kawaida.

Mmoja wa waliojifunza wakati ule alikuwa Booker T. Washington, ambaye jina lake tulilikariri kidato cha sita. Alifanya kazi ya chumvi huko Malden, West Virginia, na alama ya kwanza aliyoijua ni 18, nambari iliyowekwa kwenye mapipa ya baba yake wa kambo. Mama yake, ambaye hakujua kusoma, akamtafutia kitabu. Kilikuwa kilekile cha Webster. Alikikalia peke yake bila mwalimu, maana mtu mweusi aliyejua kusoma hakupatikana jirani. Mwaka wa 1881 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya Tuskegee, Alabama, iliyotia mkazo kazi za mikono: kilimo, useremala, ufyatuaji wa matofali.

Kutoka hapo njia inafika kwetu, na si kwa mafumbo. Mwaka wa 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuchunguza elimu ya Waafrika. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, alikuwa amefundisha Hampton, shule iliyomlea Booker T. Washington, na alikuja na imani ya shule ya jembe na nyundo. Pamoja naye alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, aliyesoma na kufundisha North Carolina. Mwaka wa 1925 ikaanzishwa shule ya walimu ya Jeanes huko Kabete, kwa mfano uliotoka moja kwa moja majimbo ya kusini ya Marekani. Serikali za kikoloni ziliupenda mfano huo upesi, na sababu zake hazihitaji uchunguzi mrefu.

Ambalo babu zetu hawakuambiwa ni kwamba huko Marekani kwenyewe wasomi weusi walikuwa wamempinga Jones huyo waziwazi. Ripoti yake ya mwaka wa 1917 kuhusu shule za watu weusi ilishambuliwa na W. E. B. Du Bois katika gazeti la The Crisis, na Carter G. Woodson naye hakumwonea haya. Walisema kwamba mtu anayefundishwa jembe tu amekwisha kuamuliwa mahali pake kabla hajakua. Mjadala mkubwa wa pande mbili ulivuka bahari ukafika kwetu ukiwa na upande mmoja.

Nyenzo zilizofuata zilikuwa za namna nyingine. Tarehe 19 Oktoba 1959 redio ya Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kiingereza chepesi: maneno 1,500 hivi, sentensi fupi, mtangazaji akisoma polepole kuliko kawaida. Kulikuwa na habari, hadithi za waandishi wa Marekani zilizorahisishwa, na mfululizo wa historia ya nchi hiyo. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na serikali haigharimii redio ya dunia nzima kwa ajili ya sadaka. Hata hivyo marehemu mjomba wangu, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli, alisikiliza na daftari magotini kwa miaka mingi. Akachukua Kiingereza, siasa akaiacha redioni. Kitabu cha herufi, hata kikiwa sauti, hakiwezi kumzuia anayekitumia atakavyo.

Kuhusu fasihi nitakuwa mfupi. Vijana wengi hudhani orodha ya vitabu teule huteremka kutoka mbinguni. Vyuo vya Marekani vyenyewe viliiona fasihi ya nchi yao kuwa tawi dogo la Uingereza hadi karne ya 20. Jarida la wataalamu wa somo hilo lilianza mwaka wa 1929 tu. Herman Melville, aliyetoa Moby-Dick mwaka wa 1851, alikufa mwaka wa 1891 karibu amesahauliwa, akafufuliwa miaka ya 1920. Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika Magharibi mwaka wa 1761 akiwa mtoto wa kuuzwa, alichapishiwa mashairi yake London mwaka wa 1773, na bado mtu angeweza kuhitimu somo la fasihi bila kulisikia jina lake.

Kitabu cha historia ndicho kigumu. Hicho hakikupi silabi uende nazo utakako. Kinakueleza wewe ni nani, na humtumikia kwanza yule aliyekiandika.

Upande wa kusini ulioshindwa vita mwaka wa 1865 ulishinda vitabu. Chama cha mabinti wa wapiganaji wa kusini kilianzishwa mwaka wa 1894, na mwanahistoria wake, Mildred Rutherford wa Georgia, alitoa baada ya Vita Kuu vya Kwanza kijitabu cha kupimia vitabu vya shule, vyuo na maktaba. Kitabu kinachosema vita vilipiganwa kwa sababu ya utumwa kikataliwe. Kinachosema mabwana walikuwa wakatili kikataliwe. Kile ambacho tayari kimo maktabani, mkutubi akiandike juu ya jalada kwamba hakiwatendei haki watu wa kusini. Ninavutiwa, kama mtu wa ofisi, na unyofu wa maagizo hayo. Wala si watu wa kusini tu. Samuel Eliot Morison wa Harvard na Henry Steele Commager, wanahistoria wakubwa, walitoa mwaka wa 1930 kitabu kilichosomwa vyuoni kote, na ndani yake waliandika, huku wakimwita mtumwa kwa jina la dhihaka, kwamba pengine yeye ndiye aliyeteseka kidogo kuliko tabaka zote za kusini. Malalamiko ya wanafunzi na wazazi weusi yalidumu miaka mingi.

Du Bois alikaa akavisoma vitabu vya shule vya wakati wake, kisha mwaka wa 1935, katika sura ya mwisho ya Black Reconstruction, akaeleza mtoto wa Marekani alifundishwa nini juu ya watu weusi baada ya uhuru: kwamba wote walikuwa wajinga, kwamba wote walikuwa wavivu na wabadhirifu, na kwamba wao ndio walioharibu serikali. Zile shule za chini ya miti hazimo.

Carter G. Woodson alichagua njia ya kuandika kitabu kingine. Alizaliwa Virginia mwaka wa 1875, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Alichimba makaa ya mawe West Virginia, na jioni wachimbaji wenzake walikutana nyumbani kwa Oliver Jones, mzee mweusi aliyepigana vita vya kukomesha utumwa. Mzee huyo alikuwa na vitabu na magazeti lakini hakujua kusoma; Woodson akawa msomaji wao, huku wazee wakieleza waliyoyaona kwa macho yao. Alianza sekondari akiwa na miaka 20, katika shule iliyoitwa kwa jina la Douglass, na mwaka wa 1912 akapata shahada ya udaktari Harvard. Mwaka wa 1915 alianzisha Chicago chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Mwaka wa 1916 jarida. Mwaka wa 1922 kitabu cha kiada. Na Februari 1926 wiki ya historia ya watu weusi, ambayo mwaka wa 1976 ilipanuliwa kuwa mwezi mzima. Watu huikumbuka wiki, wakaisahau kazi iliyokuwa nyuma yake: picha, masomo yaliyopangwa na michezo ya kuigiza iliyotumwa kwa walimu ambao shule zao hazikuwa na chochote.

Kwenye ile rafu yetu kulikuwa na vitabu viwili vinene vya historia ya Marekani. Kimoja kiliisimulia miaka ya 1865 hadi 1877 kama enzi ya wizi na fujo. Kingine, From Slavery to Freedom cha John Hope Franklin, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1947, kiliisimulia miaka hiyohiyo kwa habari za shule, kura na mauaji ya kuzuia kura. Mwalimu wetu wa historia alituagiza tuisome sura hiyo katika vyote viwili, kisha tuandike aya moja tu ya kueleza lililotokea. Darasa lilinyamaza. Tulikuwa tumezoea kunakili notisi ubaoni. Ile aya ilinichukua juma zima, na hata sasa nikiletewa taarifa mbili zinazopingana juu ya mradi mmoja, hufanya nilivyofanya siku ile: nazilaza mezani pamoja.

Naeleza haya kwa kuwa hivi sasa Chama chetu kinachangisha fedha za maktaba. Katika mkutano uliopita wengi walitaka fedha zinunue vitabu vya mtihani tu, na vya msaada kutoka ng'ambo vipokelewe vyovyote vijavyo, maadamu ni vya bure. Siafiki. Vya sarufi na kamusi vipokelewe vyote, hata vilivyochanika, maana mtoto atachukua silabi zake aende nazo. Vya historia vichaguliwe, na kitabu kimoja kisiwekwe rafuni bila mwenzake anayebishana naye. Gharama ya hao wenzao haifiki kodi ya mahema ya siku ya sherehe. Mzee mmoja ninayemheshimu alinijibu kwamba hilo ni dogo, la kuachiwa kamati. Basi naomba tuitazame kamati moja.

Katika jimbo la Mississippi serikali ilikuwa na kamati ya kupitisha vitabu vya shule. Mwaka wa 1974 James Loewen, mwalimu wa chuo cha watu weusi cha Tougaloo, na Charles Sallis wa chuo cha Millsaps, pamoja na wanafunzi wao weusi kwa weupe, walitoa kitabu kipya cha historia ya jimbo hilo kwa darasa la tisa. Kamati ilikuwa na watu saba, weupe watano na weusi wawili. Weusi walikikubali, weupe wakakikataa, na kikabaki kilichozoeleka. Waandishi, wazazi na wanafunzi wakaenda mahakamani. Mjumbe mmoja wa kamati alieleza kwamba kilichomsumbua ni picha ya mtu mweusi aliyeuawa na kundi la watu pasipo hukumu. Mwalimu akiwa na picha kama hiyo, alisema, asingeweza kulituliza darasa. Jaji Orma Smith, mzungu wa Mississippi mwenye umri mkubwa, akamwuliza kama jambo hilo halikutokea. Likajibiwa kwamba lilitokea, lakini zamani. Mwaka wa 1980 jaji akaamua kwamba kitabu kilikataliwa pasipo sababu ya haki, akaamuru kiingizwe katika orodha ya serikali kwa muda wa miaka sita, sawa na vitabu vingine.